Jiko la Mhunzi: Hewa, Mkaa na Makaa ya Mawe



Desturi ya mhadhara wa kwanza wa profesa ni kueleza kazi yake inaelekea wapi. Yangu inaelekea kwenye jiko la mhunzi. Siku hizi tunaulizwa mara kwa mara kwa nini mafundi wetu wasiache mkaa wa miti wakatumia makaa ya mawe, ilhali nchi inayachimba. Swali ni zuri. Tatizo ni kwamba wengi wanaouliza hudhani kinachobadilika ni gunia tu. Hapana, kinachobadilika ni moto wenyewe, na asiyejua moto huo ataharibu chuma na mapafu yake kwa pamoja.

Tumtazame fundi anayefua shoka kutokana na springi ya lori. Hewa inaingia kwa bomba, ikisukumwa na mvukuto au feni ya kuzungusha kwa mkono. Pale hewa inapoingilia, oksijeni ni tele. Chuma kikilazwa hapo huota magamba meusi upesi, na joto likizidi hurusha cheche nyeupe. Hicho kimeungua, na hakuna nyundo ya kukiponya. Lakini panda sentimita 10 hivi juu ya bomba. Oksijeni imekwisha kutumika, na kaboni dioksaidi iliyozaliwa chini inapita katikati ya kaa jekundu na kugeuka kaboni monoksaidi. Hapo ndipo chuma kinapopata joto bila kuliwa. Kwa hiyo fundi mzuri hachomeki chuma chake kwa kukielekeza chini, hukilaza sawasawa katikati ya moto wenye kina, tena hukifunika kwa kaa kwa juu. Akiona moto umekuwa mwembamba, hupunguza hewa kabla hajaongeza kitu kingine.

Joto anapima kwa jicho. Wekundu wa kiza ni kama nyuzi 700 za Selsiasi, rangi ya chungwa inakaribia 1,000, na manjano iliyoiva hupita 1,100. Ndiyo sababu wahunzi hupenda kivuli: juani rangi hudanganya, na kazi inaunguzwa kabla mtu hajashtuka. Wakati wa kutia makali maji, wengine hugusisha chuma sumaku. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi 770, basi sumaku ikiacha kushika, fundi anajua amebakiza kidogo tu. Kwa mizani yoyote ya sayansi, huo ni upimaji.

Na kwetu si maarifa mapya. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science utafiti wao wa Buhaya, mkoani Kagera. Wazee wa huko walijenga upya tanuru la kuyeyushia mawe ya chuma, ingawa kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi baada ya chuma cha kigeni kuingia. Mabomba ya udongo yaliingizwa hadi ndani ya tanuru, na watafiti hao wakasema kwamba hewa ilipashwa moto humo kabla ya kukutana na mkaa. Wataalamu wengine walibishana nao kuhusu maelezo hayo, lakini hakuna aliyekana ustadi wa wazee wale. Ufipa nako walijenga tanuru refu lililovuta hewa lenyewe bila mvukuto. Kote huko nishati ilikuwa mkaa wa miti.

Uingereza ilipita njia nyingine. Katika karne ya 13 wahunzi wa London walikuwa tayari wanatumia makaa ya mawe, lakini wayeyushaji wa mawe ya chuma walitegemea mkaa wa miti hadi Abraham Darby alipofanikiwa kutumia koki, yaani makaa ya mawe yaliyopikwa kwanza moshi ukatoka, huko Coalbrookdale mwaka 1709. Kwa nini mhunzi atangulie karne nyingi hivyo? Jibu ni salfa. Ndani ya tanuru la kuyeyushia, chuma hukaa na makaa kwa saa nyingi na kunywa salfa yake, kisha huvunjika kikifuliwa kikiwa chekundu. Katika jiko la mhunzi kinakaa dakika chache. Tena mhunzi hupika makaa yake kwanza: huyapanga mabichi yakiwa na unyevu kandokando ya moto, moshi na lami vitoke, yavimbe na kushikamana yawe koki, ndipo huyasukuma katikati. Anayemwaga makaa mabichi juu ya chuma hajajifunza kazi.

Kuna na majivu. Majivu ya makaa ya mawe huyeyuka, yakashuka na kuganda juu ya mdomo wa hewa kama kisahani cha kioo cheusi. Moto hupoa ghafla katikati, na fundi asiyejua huzidi kuvuta mvukuto. Dawa yake ni kuuacha moto utulie dakika chache, kisha kukiopoa kisahani hicho kwa kulabu kikiwa kizima. Mkaa wa miti hauna usumbufu huo.

Sasa nitoe msimamo wangu. Ujazo uleule wa makaa ya mawe una joto mara tatu hivi au zaidi ya mkaa, kwa kuwa mkaa ni mwepesi mno. Kwa nondo nene, mitaimbo na sululu, makaa ya mawe ni bora. Kwa visu na kazi ndogo, mkaa ubaki, kwani ni safi. Wala tusidanganyane kwamba wahunzi ndio wanaomaliza misitu. Majiko ya nyumbani yanakula mkaa mwingi kuliko wao.

Ila si kila makaa ya mawe hushikamana yakawa koki. Makaa ya migodi ya Kiwira na Ngaka huuzwa zaidi viwandani, saruji ikiwemo, na kiwanda cha saruji hakijali kama makaa yanashikamana. Mhunzi anajali. Na kibanda kilichowatosha watu wa mkaa hakifai kwa makaa ya mawe bila bomba la moshi. Moshi wake una salfa, na kaboni monoksaidi, inayotoka hata kwenye mkaa, huua bila harufu.

Kwa hiyo naiomba Idara ya Uhandisi ijenge majiko mawili hapa chuoni, moja la mkaa na moja la makaa ya mawe lenye bomba refu la moshi. Tuyajaribu makaa ya kila mgodi, tupime salfa, majivu na kushikamana kwake, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa karakanani. Nanyi wahunzi, naomba mje muwe walimu wa majaribio hayo, kwa malipo kama anavyolipwa mwalimu mwingine yeyote wa chuo hiki.