Kutoka Kitanda cha Mfumi Hata Motokaa: Habari za Toyota

Natumaini kila mtu amepata mahali pa kukaa na ubao umekwisha kufutwa. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika neno moja kwa herufi kubwa: TOYOTA. Herufi sita, silabi tatu. TO – YO – TA. Someni wote pamoja, kwa sauti.

Wengi wenu mlilijua neno hili kwa macho kabla ya kuzijua herufi zake. Limeandikwa nyuma ya magari madogo ya mizigo yaletayo mchele sokoni, tena juu ya teksi na juu ya basi dogo lililowaleta baadhi yenu darasani jioni hii. Leo nataka tulifuate neno hili mpaka kwao, nchi ya Japani. Nanyi mtaona ya kuwa mwanzo wake haukuwa motokaa, ulikuwa nguo.

Katika mwaka 1867 alizaliwa Japani mtoto aliyeitwa Sakichi Toyoda. Angalieni jina hilo vizuri: ni Toyoda, kwa herufi D. Baba yake alikuwa mkulima na seremala, na kijana naye akajifunza useremala. Katika nyumba nyingi za kijijini siku zile wanawake walifuma nguo kwa mikono, katika kitanda cha mfumi. Mnaofahamu kazi hiyo mnajua taabu yake. Kuna nyuzi zilizotandikwa kwa urefu, ndizo mtande, na kuna uzi unaopitishwa kati yake, huku na huku, kutwa nzima, hata mgongo ukauma. Sakichi aliitazama kazi hiyo akaona kwamba inaweza kufanywa kwa urahisi zaidi. Mwaka 1891 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa kwanza, kitanda cha mfumi cha mbao kilichohitaji mkono mmoja badala ya miwili. Baadaye akatengeneza vilivyoendeshwa kwa nguvu za mvuke.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo naomba mlishike, maana bila hilo hamtafahamu habari yote inayofuata. Mtambo hauna macho. Uzi mmoja wa mtande ukikatika, mtambo hauoni. Huendelea kufuma tu, na nguo inayotoka ina kasoro tangu mwanzo hata mwisho. Kwa hiyo ilibidi kila mtambo usimamiwe na mtu wa kuutazama tu. Sakichi alitengeneza mtambo ambao uzi ukikatika, husimama wenyewe. Basi mtu mmoja akaweza kuangalia mitambo mingi, akienda tu kwenye ule uliosimama. Mtambo wake ulio mashuhuri kuliko yote ulikamilika mwaka 1924, na mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, waliokuwa mabingwa wakubwa wa kutengeneza mitambo ya kufumia, walikubali kununua haki ya kuutengeneza. Fikirini hilo. Seremala wa kijijini Japani anawauzia ujuzi Waingereza, waliokuwa wakiivika nusu ya dunia nguo za Manchester! Na hata pwani yetu ya Afrika Mashariki, kabla ya Vita vya Pili, nguo za pamba kutoka Japani zilikuwa zimejaa madukani.

Sakichi alikuwa na mwana, jina lake Kiichiro, aliyezaliwa mwaka 1894, akasomea uhandisi katika chuo kikuu cha Tokyo. Sakichi akafa mwaka 1930. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1933, Kiichiro alifungua idara ya motokaa ndani ya kile kiwanda cha mitambo ya nguo.

Watu wengi walimwona kama mtu anayecheza na fedha za urithi. Siku hizo kampuni mbili za Marekani, Ford na General Motors, zilikuwa na viwanda vya kuunganisha motokaa humo humo Japani, nazo zilitoa maelfu kila mwaka. Kiichiro na mafundi wake walinunua motokaa ya Chevrolet, wakaifungua yote, msumari kwa msumari, wakapima kila kipande. Lakini kuona kitu kilivyo si sawa na kukifanya. Shida kubwa ilikuwa kusubu chuma cha injini: walimimina chuma katika kalibu, kikatoka kina mashimo, wakamimina tena, tena kikatoka kibovu. Waliotupa vyuma hivyo hawakuwa na wa kumuuliza. Injini ya kwanza ilikamilika mwaka 1934, na mwaka 1935 likatoka lori la kwanza. Lori hilo, kusema kweli, lilikuwa bovu. Liliharibika mara kwa mara, na mafundi walikimbia huku na huko kulitengeneza barabarani. Sidhani kama mmoja wetu angelinunua.

Sasa turudi kwenye herufi yetu. Mwaka 1936 kampuni iliwaomba watu wote wabuni alama ya kuweka juu ya motokaa zake, na yapata majibu 27,000 yalifika. Katika hayo jina la ukoo, Toyoda, ambalo maana yake ni shamba zuri la mpunga, liligeuzwa kuwa Toyota. Kwa nini? Kwa sauti, walisema Toyota ni nyepesi zaidi. Tena katika maandishi ya Kijapani neno Toyota huandikwa kwa kuvuta kalamu mara nane, na nane kwao ni hesabu ya bahati njema. Basi tazameni, ninyi mnaojifunza kuandika: herufi moja, D, ikawa T, na kwa herufi hiyo jina la ukoo likaachana na jina la biashara. Kampuni yenyewe iliandikishwa mwaka 1937. Mji wa kiwanda, uliokuwa ukiitwa Koromo, nao ulibadili jina mwaka 1959 ukaitwa Toyota. Ni miji michache duniani iliyojiita kwa jina la kiwanda, na mimi sina hakika kwamba ni jambo la kujivunia. Lakini wenyewe walitaka.

Vita vilikuja, vikapita. Japani ilishindwa mwaka 1945, nchi ikiwa majivu. Kiwanda kilianza tena kutengeneza malori, lakini mwaka 1949 serikali, kwa shauri la Wamarekani waliokuwa wakiitawala nchi, ilikaza fedha sana ili kuzuia bei zisipande. Watu hawakuwa na fedha ya kununua malori, na walionunua hawakuweza kumaliza kulipa. Toyota ikakaribia kufilisika.

Hapa pana jambo la kusikitisha, wala sitaki tulipite mbio. Kiichiro alikuwa amewaahidi wafanyakazi kwamba hatamfukuza mtu. Alisema hivyo, na nadhani alikusudia hivyo. Lakini mabenki hayakukubali kuikopesha kampuni mpaka watu wapunguzwe. Mwaka 1950 wafanyakazi waligoma kwa muda wa miezi miwili hivi. Mwisho, watu zaidi ya 1,600 waliacha kazi. Naye Kiichiro, kwa kuwa ahadi yake ilikuwa imevunjika, mwezi Juni alijiuzulu uongozi wa kampuni aliyoijenga mwenyewe. Kuna wanaomsifu kwa kujiuzulu huko. Mimi pia namheshimu. Lakini tusisahau kwamba yeye alikuwa na nyumba na jina, na fundi aliyerudi kwake bila mshahara alikuwa na watoto tu.

Mwezi huo huo wa Juni, 1950, vita vilianza Korea, ng'ambo ya bahari. Jeshi la Marekani lilihitaji malori upesi, tena karibu na uwanja wa vita, likaiagiza Toyota. Kampuni ikapona. Ndivyo ilivyokuwa: msiba wa Wakorea ulikuwa nafuu ya kiwanda cha Wajapani, na hakuna njia ya kuieleza habari hiyo ikapendeza. Baadaye viongozi wapya walimwomba Kiichiro arudi. Mwezi Machi 1952, kabla ya kurudi, akafa.

Baada ya hapo, kwa kuwa fedha ilikuwa kidogo, kampuni ilijifunza kutotupa kitu. Mhandisi mmoja, Taiichi Ohno, ambaye zamani alifanya kazi katika kiwanda cha nguo cha ukoo ule ule, alichukua fikira ya Sakichi akaitia katika kiwanda cha motokaa. Kumbukeni mtambo unaosimama uzi ukikatika. Ohno alitaka kiwanda kizima kiwe hivyo. Mfanyakazi akiona kasoro, na avute kamba, taa iwake, watu waje, na ikibidi kazi yote isimame mpaka kasoro iondolewe. Katika viwanda vingine vingi siku zile, mfanyakazi wa chini aliyesimamisha kazi angefukuzwa! Tena Ohno alikataza kurundika vipuri ghalani. Kila kipande kifike wakati kinapohitajiwa, kwa hesabu inayohitajiwa, na kadi ndogo iende pamoja nacho kueleza ni kipi na ni vingapi. Kadi hiyo huitwa kanban. Nanyi mwaona: kazi hiyo haiwezekani kwa mtu asiyejua kusoma kadi.

Ohno alikuwa na desturi nyingine, ya kuuliza "kwa nini" mara tano. Nitatoa mfano wa huku kwetu. Mashine ya kusaga ya kijiji imesimama. Kwa nini? Mkanda umekatika. Kwa nini umekatika? Ulikuwa umelika upande mmoja. Kwa nini upande mmoja? Gurudumu limekaa pogo. Kwa nini pogo? Bolti zimelegea. Kwa nini zimelegea? Hakuna aliyepewa kazi ya kuzikaza. Mtu anayeuliza mara moja atanunua mkanda mpya, na baada ya miezi michache atanunua mwingine.

Zipo sababu nyingine za gari hizi kupendwa. Katika miaka ya 1950 barabara nyingi za Japani zilikuwa za vumbi na mashimo, kwa hiyo magari yalitengenezwa imara kwa njia hizo. Mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari la kupanda milima, mfano wa jeep, na dereva wake akalipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Gari hilo ndilo lililopewa jina la Land Cruiser mwaka 1954. Lakini mwaka 1957 kampuni ilipopeleka Marekani motokaa yake ya Crown, ilipata aibu: katika barabara pana za kule, kwa mwendo wa kasi, injini ilichemka na nguvu zikaisha. Biashara ya Crown kule ikaachwa. Kwa miaka kadha Land Cruiser ndiyo iliyoshika jina. Kisha ikatoka Corolla mwaka 1966, Hiace mwaka 1967, na Hilux mwaka 1968. Hizo hazihitaji maelezo kwenu. Hata kufika mwaka 2021, Corolla zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeuzwa duniani.

Kwetu Afrika Mashariki magari mengi hufika yakiwa yametumika. Japani gari hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na gari likizeeka gharama hupanda. Basi wenyewe huliuza. Kwa kuwa Wajapani hupita upande wa kushoto kama watu wa Kenya, Uganda na Tanzania, usukani huwa tayari upande wetu. Hiace ikawa daladala na matatu, Land Cruiser kubwa ikapewa jina la shangingi, na vipuri hupatikana hata katika miji midogo ambako fundi hajapata kuona kitabu cha kampuni. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sababu iliyo kubwa. Mtu hanunui gari tu. Ananunua na fundi wa kulitengeneza.

Lakini msiwe watu wa kuamini jina tu. Mwaka 2009 na 2010 kampuni hii ililazimika kuyaita tena magari kwa mamilioni, kwa sababu ya zulia lililoweza kuzuia kanyagio cha mafuta, na kanyagio kilichoweza kunata. Mwezi Februari 2010 Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, alisimama mbele ya Baraza la Marekani akaomba radhi. Na mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani, kwa kuwa ilikuwa imewapotosha wanunuzi juu ya hatari hiyo. Kamba ya Ohno, siku hizo, haikuvutwa mapema.

Nanyi mkienda kununua gari lililotumika, someni wenyewe. Someni mwaka ulioandikwa katika hati, na namba ya chesisi katika hati na juu ya chuma, mwone kama ni moja. Saa ya maili inaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye hila. Angalieni na kanyagio cha breki, kama mpira wake umelika kuliko hesabu inavyosema.

Kazi ya juma hili. Kwanza, andikeni maneno haya mara tatu: mtande, injini, usukani, kipuri. Pili, fanyeni hesabu hii: Kiichiro alizaliwa Juni 1894, akafa Machi 1952. Alipata miaka mingapi? Angalieni miezi, msikimbilie jibu. Tatu, chagueni kitu kimoja kilichoharibika nyumbani au shambani, muulize "kwa nini" mara tano, na majibu yote matano yaandikwe katika daftari. Mwalimu atayasoma kabla ya somo lijalo. Kwaherini.