Mchezo Uliozaliwa Kambini

Wasikilizaji wetu wa Katumba, ambao wazee wenu waliikimbia Burundi mwaka 1972 wakaja kuufyeka msitu huu na kuugeuza mashamba, mtamfahamu upesi Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyezaliwa njiani jamaa zake wakikimbia vita, akalelewa kambini kaskazini mwa Uganda. Alimwomba mama yake kompyuta. Na yule mama, asiye na mali, akadunduliza miaka mitatu hata zikatimia dola 300. Kambini hapakuwa na umeme, hivyo kijana akawa anatembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji, akajifundisha peke yake, akabuni mchezo wa video aliouita Salaam, ambamo mchezaji hashiki bunduki, bali hukimbia akitafuta maji, chakula na dawa.

Mwaka 2018 hafla ya tuzo za michezo ya video, The Game Awards, ilimtukuza huko Marekani, naye alistahili. Lakini tijara hii ya michezo, ambayo sehemu yake kubwa imefanya kuua kuwa burudani, si rahimu kwa mbunifu mnyonge: maduka makubwa ya mtandaoni kwa miaka mingi yalikuwa yakikata asilimia 30 ya mauzo, na aghalabu yakidai kadi ya benki, ilhali fedha za watu wetu zimo katika simu.

Hata hivyo nawasihi, wazazi wa Katumba na Mpanda: mtoto akiwaomba kompyuta, muulizeni kwanza anataka kubuni nini.