Upepo wa Kitengela na Mshono wa Chuma

Mazungumzo kwa mafundi wa kuchomelea, wenye karakana na wateja wao



Ukipita barabara ya Namanga kutoka Kitengela hadi mjini Kajiado, ni nadra kwenda mbali bila kuona mwanga wa buluu wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda, trela, vizimba vya kuogeshea ng'ombe, minara ya matangi: vyote hivi hutoka mikononi mwa mafundi wa jua kali. Kaunti hii ni kavu, na anayechimba kisima au kuvuna maji ya mvua huhitaji mahali pa kuweka tangi. Lita 10,000 za maji zina uzito wa tani 10. Tangi hilo likiwekwa juu ya mnara katika uwanja wa shule, tani hizo 10 hubebwa na mishono isiyozidi upana wa kidole, na chini yake watoto hupita na vikombe vyao.

Kwa hiyo swali la leo ni la kila mtu. Kwa nini mishono miwili inaweza kufanana kwa nje, mmoja ukadumu miaka 20 na mwingine ukaachia?

Jibu la kwanza liko hewani. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21, pamoja na unyevu. Chuma kikiwa kigumu, hewa hiyo hukiletea kutu polepole. Lakini chuma huyeyuka karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi, na mwali wa umeme wa kuchomelea ni moto zaidi ya hapo mara kadhaa. Chuma kilichoyeyuka hunyonya gesi kama sifongo inyonyavyo maji. Kinapoanza kuganda hakiwezi tena kuzishika, nazo hutafuta njia ya kutoka. Zisipowahi hubaki ndani kama vitundu, mithili ya vile vya mandazi. Andazi lenye vitundu ni zuri, lakini mshono wenye vitundu ni dhaifu.

Ndiyo maana kila njia ya kuchomelea ina kinga yake. Rodi ya kawaida imepakwa unga mkavu kwa nje. Unga huo ukiungua hutoa gesi inayosukuma hewa kando, na mabaki yake huwa ganda linalofunika mshono hadi upoe. Wazo hilo lilianza na Oscar Kjellberg wa Sweden mwanzoni mwa karne ya 20. Mashine ya MIG haina unga wa namna hiyo. Waya wake uko wazi, na kinga yake ni gesi itokayo kwenye mtungi na kumwagika kupitia noza kuzunguka mwali.

Hapa ndipo upepo wetu unapoingia. Kajiado ni kaunti ya upepo, na hilo limekuwa baraka. Vilima vya Ngong vina kituo cha KenGen cha megawati 25.5, na Kipeto kuna mitambo 60 inayozalisha megawati 100. Lakini upepo unaozungusha mitambo hiyo hupuliza pia gesi ya fundi aliyesimama uwanjani Kitengela. Kanuni za Marekani za kuchomelea miundo ya chuma haziruhusu kazi ya MIG penye upepo unaozidi kilomita 8 kwa saa, isipokuwa pawekwe kizuizi. Kilomita 8 kwa saa si dhoruba. Ni upepo unaouhisi usoni na kuona majani ya mti yakitikisika. Fundi akiuhisi usoni, ajue gesi yake imeshaanza kwenda zake.

Dawa si kufungua mtungi zaidi. Wengi hufanya hivyo, na ndio hasara ya mara mbili. Kwa kazi nyingi za karakana, lita 10 hadi 15 kwa dakika zinatosha. Gesi ikitoka kwa kasi kubwa mno huzunguka kama maji ya mto kwenye mawe, na katika mizunguko hiyo huvuta hewa na kuiingiza pale pale ilipokuwa ikizuiwa. Fundi hulipia gesi nyingi na kupata vitundu vingi. Dawa ya kweli ni kizuizi: ukuta wa mabati, turubai, au kuhamishia kazi ndani. Kazi isiyohamishika, kama mnara uliokwisha simama, ichomelewe kwa rodi, kwa maana rodi huvumilia upepo kuliko MIG, ingawa nayo ina mpaka wake.

Jambo la pili ni gesi yenyewe. Kaboni dayoksaidi ndiyo ya bei nafuu, na hapa Kenya huchimbwa kutoka ardhini huko Kereita, Kaunti ya Kiambu. Hupenya chuma kinene vizuri, lakini hurusha cheche nyingi na mshono wake huhitaji kusafishwa. Ikichanganywa na agoni, kwa mfano sehemu 80 za agoni kwa 20 za kaboni dayoksaidi, mwali hutulia, cheche hupungua na mshono hulala vizuri, hasa kwenye chuma chembamba. Hakuna gesi iliyo bora kwa kila kazi. Trela ya chuma kinene na kiti cha bomba jembamba si kazi moja.

Kwa chuma kisichoshika kutu, kama mabomba ya kupitisha maziwa, hutumika TIG na agoni tupu. Fundi asiijaribu kwa kaboni dayoksaidi, kwa sababu itaunguza ncha ya tangsteni. Na akumbuke upande wa ndani wa bomba. Usipojazwa agoni wakati wa kuchomelea, huwa mweusi wenye chembechembe kama sukari. Chembe hizo haziondoki kwa kuosha, na bakteria hujificha humo. Anayeumia ni mnywaji wa maziwa.

Mtungi wa kaboni dayoksaidi una tabia nyingine. Gesi inapotoka hupoa sana, na reguleta inaweza kuganda barafu. Kipimo bado kinaonyesha mtungi umejaa, ilhali kwenye noza hakuna kitu cha maana. Fundi akiona vitundu vimeanza ghafla katikati ya kazi, aangalie reguleta, kisha noza iliyozibwa na cheche, kisha mpira wa gesi kama umepasuka. Reguleta yenye kipasha joto ndiyo suluhisho. Kuipasha kwa moto ni kutafuta msiba.

Jambo la tatu ni vipimo vya mashine na mkono wa fundi. Rodi ya milimita 2.5 huhitaji takriban ampea 60 hadi 100, na ya milimita 3.2 takriban 90 hadi 140. Kila pakiti imeandikwa kiwango chake, isomwe kabla ya kutupwa. Umeme ukiwa mdogo, chuma cha rodi hukaa juu kama nta bila kushikana na kilicho chini. Ukizidi, chuma chembamba hutoboka na kingo huliwa. Rodi ikiinuliwa mbali, mwali hurefuka na kinga hutawanyika. Urefu wa mwali usizidi sana unene wa waya wa ndani ya rodi. Na waya mrefu mwembamba wa kuvutia umeme kutoka nyumba ya jirani hupunguza nguvu kabla haijafika kwenye mashine.

Unyevu nao ni adui. Rodi zilizoachwa wazi hunyonya maji ya hewani, na kwenye mwali maji hayo hutoa haidrojeni. Haidrojeni inaweza kupasua chuma kigumu baada ya saa kadhaa, hata siku mbili, wakati gari limekwisha ondoka. Anayetengeneza fremu za malori ya barabara ya Namanga anajua aina ya 7018. Rodi hizo hutaka kutunzwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 120 au zaidi. Kuzianika juani hakutoshi.

Kutu, rangi na mafuta viondolewe kwanza. Bomba lililopakwa zinki likwanguliwe mahali pa mshono, kwa maana zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kabla chuma hakijayeyuka. Mvuke wake hutoboa mshono na humletea fundi homa ya usiku. Wengi hunywa maziwa ili kujikinga. Maziwa ni chakula kizuri, tena hapa kwetu ni ya heshima, lakini huenda tumboni, hayaendi mapafuni. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kinga ni barakoa inayofaa na hewa inayopita. Lakini ndani ya tangi au shimo hali ni nyingine. Agoni na kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini na kufukuza oksijeni bila harufu yoyote. Asiingie mtu peke yake.

Kupima kazi hakuhitaji maabara. Kabla ya kuanza mnara, fundi achukue vipande viwili vya chuma kile kile, avichomelee kwa mashine ile ile, mahali pale pale, kisha avivunje kwa nyundo na kutazama ndani. Akiona vitundu au sehemu ambazo hazikushikana, arekebishe upepo, gesi au umeme, ajaribu tena. Ni dakika 15 na rodi mbili.

Mteja naye ana haki ya kuomba kipande hicho avunjiwe mbele yake, na ana wajibu wa kutobana bei hadi fundi akose barakoa na rodi kavu. Fundi aliyejifunza kwa mikono, bila cheti, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Vyuo vya ufundi vya mashinani, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya kaunti, ndipo vijana wanapoweza kuanzia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa fundi wa chuma, ufa huanza na kitundu kisichoonekana, kilichoingizwa na upepo ambao kipande cha turubai kingeuzuia.