Gobore la Zamani na Gobore la Kisasa

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa)



Mwenyekiti aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya jambo lo lote lenye faida kwa vijana. Wenzangu walionitangulia miaka iliyopita walizungumza juu ya kakao, juu ya mpunga, juu ya uongozi. Mimi ni fundi wa mashine, sina ufasaha wao. Nimechagua kuzungumza juu ya gobore.

Nasikia vicheko huko nyuma, navipokea. Lakini naomba mnivumilie, maana katika jambo hili nina deni, na nimekuja kulilipa mbele yenu.

Hapana mtu wa rika langu aliyekulia kati ya mto Songwe na Matema asiyelijua gobore. Ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Unamimina baruti, unashindilia kitambaa kwa mdeki, unatia risasi, unashindilia tena, unavisha fataki, ndipo unalenga. Ukikosa, unaanza upya, na kiboko hakusubiri. Wazee wetu walilitumia kulinda mashamba ya mpunga usiku, viboko walipopanda kutoka ziwani na katika mito ya Mbaka na Kiwira, na kufukuza nguruwe waliofukua mihogo.

Vijana wengi huliita "bunduki ya kienyeji". Jina hilo lina kosa. Magobore ya kwanza kufika kwetu hayakufuliwa Ukinga, ingawa Wakinga walikuwa wahunzi hodari waliotuletea majembe na mikuki. Yalitengenezwa kwa maelfu katika miji kama Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, yakaingia bara pamoja na nguo na shanga, na mengi yalilipiwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Ng'ambo ya Songwe, pale Karonga, mfanyabiashara aliyeitwa Mlozi alijenga maboma yake, na mwaka 1887 watu wake wenye bunduki waliwashambulia ndugu zetu Wangonde na kuwaua wengi. Wengine walivuka kukimbilia upande huu. Vita ile iliendelea hadi mwaka 1889, na Mlozi mwenyewe alinyongwa na Waingereza Desemba 1895. Gobore basi lilikuja kwetu kama silaha ya mtekaji kabla ya kuwa kitu cha kulinda mpunga.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Pamoja na mambo mengine, yalikataza bunduki mpya zinazotiwa risasi kwa nyuma zisiuzwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida yenye moshi. Kwa maneno mengine, wenyewe walikuwa wameshaiacha bunduki hiyo, sisi tukaruhusiwa kuendelea nayo. Ndivyo kitu kilichozeeka Ulaya kilivyogeuka kuwa cha kienyeji kwetu.

Sasa nije nyumbani. Babu yangu alikuwa na gobore la namna hiyo. Lilikuwa gumegume, baadaye fundi mmoja akaling'oa jiwe na kulitengeneza litumie fataki. Baba alilirithi na kulikatia leseni. Alikuwa na taratibu zake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemshikia taa, nazikumbuka zote. Baruti aliipima kwa kifuniko kimoja cha pembe, hakubadili. Kwenye mdeki alichora alama mbili kwa kisu: moja ilikuwa sawa na mdomo wa mtutu kama bunduki ni tupu, ya pili kama imekwisha kushindiliwa. Kabla ya kumimina cho chote alitumbukiza mdeki na kutazama alama. Akirudi shambani, hata kama ni saa tisa ya usiku, alichemsha maji, akauosha mtutu mpaka maji yakatoka meupe, akaukausha, akaupaka mafuta ya mawese. Baruti nyeusi huacha uchafu mwingi, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki ukiwa moshi na masizi, na masizi hayo hunywa unyevu. Kwa mvua za Kyela, bunduki isiyooshwa usiku huo huanza kuliwa na kutu kesho yake.

Kaka yangu hakuridhika kuazima. Mwaka 1978 alinunua gobore lake mwenyewe kwa mtu mpita njia. Halikuwa na leseni wala jina la kiwanda. Mtutu wake ulikuwa bomba la maji.

Mimi nilikuwa Kidato cha Pili hapa hapa. Nilirudi likizo ya Desemba nikiwa nimejaa elimu. Baruti nyeusi ilikuwa imeadimika, na kaka akawa analalamika kwamba viboko watamaliza mpunga. Jirani mmoja alikuwa ametupa risasi tano za bunduki ya marisau zilizolowa maji. Niliziokota. Nikamwambia kaka kwamba ndani yake mna baruti ya kisasa, isiyotoa moshi, na kwamba ya kisasa ni bora kuliko ya zamani. Nilizikata kwa wembe mwenyewe, nikaikausha ile baruti juani kwenye ungo. Kaka aliuliza, "Kipimo chake ni kipi?" Nikajibu, "Kile kile cha baba."

Usiku ule nilisikia mlio, lakini haukuwa mlio wa gobore. Mtutu ulikuwa umepasuka karibu na shavu lake. Alipoteza jicho la kushoto na vidole vitatu. Tulimbeba kwa machela usiku kucha hadi hospitali.

Walipomwuliza, alisema alizidisha baruti. Hakusema nyingine. Nami nilikaa kimya. Muhula ulipofunguliwa nilirudi shuleni, nikamaliza Kidato cha Nne mwaka 1980, nikawa fundi. Alifariki mwaka 2019 akiwa mkulima mzuri wa kakao, akipogoa kwa mkono mmoja na nusu. Kabla ya hapo nilimwuliza mara moja tu kwa nini hakunitaja. Alisema, "Baba angekutoa shule." Basi.

Hilo ndilo deni langu, na wengi wenu mlionifahamu miaka yote hii mnalisikia leo kwa mara ya kwanza.

Kosa langu lilikuwa nini hasa? Jibu nililipata katika chumba cha fizikia cha shule hii, ingawa nilichelewa. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa. Huwaka haraka, lakini msukumo wake una kiasi. Baruti isiyo na moshi ni kitu kingine kabisa. Kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuwaka kwa kasi, na kipimo kile kile cha kifuniko hubeba nguvu nyingi zaidi. Imetengenezewa bunduki yenye chuma cha kuihimili. Kuitia katika gobore, hata gobore zuri, ni kuomba mtutu upasuke, sembuse bomba la maji. Nililijua neno "kisasa", lakini kazi ya kitu chenyewe sikuijua.

Mwaka 2014 nilikwenda Marekani kumtembelea binti yangu anayeishi katika jimbo la Pennsylvania. Jirani yake, mzee mstaafu kama mimi, aliponisikia nikitaja gobore alifurahi kama mtoto. Kumbe kule kuna watu wengi wanaopiga magobore kwa kujifurahisha. Chama chao cha taifa kilianzishwa mwaka 1933. Siku ya pili akanichukua hadi uwanjani kwao, akanipa mawili niyajaribu.

La kwanza lilikuwa la namna ya zamani: gumegume, ubao mrefu wa rangi ya asali, risasi ya duara iliyofungwa kitambaa chenye mafuta. Niliona jiwe likitoa cheche, nikaona moshi, ndipo mlio ukafuata. Katika nafasi ile ndogo kati ya cheche na mlio ndipo mkono wa mpigaji hutikisika. Mzee alisema watu wa namna hii hupenda kujua kwamba wana risasi moja tu, kwa hiyo humsogelea mnyama taratibu na kuacha kupiga kama hawana hakika. Jimbo lake lilianza mwaka 1974 kutenga msimu wa kuwinda kwa magobore, na hadi leo lina siku baada ya Krismasi ambapo gobore linaloruhusiwa ni la gumegume peke yake.

La pili lilikuwa la kisasa. Namna hiyo ilienea tangu mwaka 1985, fundi mmoja wa Missouri aitwaye Tony Knight alipotoa lake. Fataki yake hukaa nyuma kabisa ya baruti, katika mstari mmoja na mtutu, hivyo moto hauna kona ya kupinda. Kitako ni cha plastiki, mtutu una michirizi ndani ya kuizungusha risasi, juu kuna darubini. Kizibo cha nyuma hufunguliwa kwa mkono, ukauosha mtutu kama unavyosafisha bomba. Baruti inaweza kuwa vidonge vilivyokwisha kupimwa. Kwa lile la babu, kupata shabaha kupita hatua 60 ilikuwa bahati. Kwa hili, mita 150 si ajabu.

Tukaketi, nikamwuliza lipi bora. Akacheka, akasema vyama vyao hugombana juu ya swali hilo kila mwaka. Wa zamani huwaambia wa kisasa kwamba wamenunua bunduki ya kawaida wakaivika ngozi ya gobore. Wa kisasa hujibu kwamba mnyama aliyejeruhiwa akakimbia porini hafaidiki na mapenzi ya mtu kwa mambo ya kale. Mimi naona wote wana haki kiasi.

Lakini nilipoyageuza yale magobore mawili, la zamani na la kisasa, niliona kitu kimoja kinachofanana. Kwenye mitutu yote miwili palikuwa na alama ndogo zilizogongwa, maandishi ya kumwambia mwenye nayo ni baruti ipi atie. La gumegume lilitengenezwa Italia na lilikuwa na muhuri wa nyumba ya kupimia. Birmingham wanayo nyumba kama hiyo tangu mwaka 1813. Mtutu hufungwa mahali salama, hutiwa baruti kupita kiasi cha kawaida, hupigwa bila mtu kuushika. Ukipona hugongwa muhuri. Ukipasuka, hupasuka pale, na hapana aliyeumia.

Ndugu zangu, nimefanya kazi ya mitambo zaidi ya miaka 30. Kila bomba la mvuke nililolifunga lilipimwa kwanza kwa maji. Nilipouona ule muhuri mdogo nilisimama pale uwanjani nikashindwa kusema, yule mzee akadhani nimeumia bega. Gobore la kaka yangu nalo lilipimwa. Lilipimiwa shavuni mwake, na aliyesema liko sawa nilikuwa mimi.

Kwa hiyo swali si la zamani au la kisasa. Swali ni: nani amelipima, na wapi?

Vijana wangu, kuna neno la sheria pia. Kule Marekani, sheria yao ya taifa ya mwaka 1968 haiyahesabu magobore mengi kuwa silaha kama nyingine. Msisikie hivyo mkadhani ni hivyo hapa. Kwetu gobore ni silaha kamili. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kuwa na gobore bila leseni ni kosa kubwa. Zaidi ya mara moja katika miaka hii Serikali imetangaza muda wa msamaha, mtu asalimishe silaha bila kushtakiwa. La babu tulilipeleka polisi sisi wenyewe baba alipofariki, mwaka 1993, na hati zake.

Ukilikuta gobore kuukuu darini kwa bibi, usiliguse. Lichukulie kuwa limeshindiliwa, hata kama kila mtu anakuambia ni tupu tangu enzi za Mjerumani. Usilipeleke karibu na moto, usijaribu kulisafisha. Mweleze mzee wa nyumba, na mzee aende kwa Serikali ya kijiji au polisi. Na kama mtu akikuuliza jambo ambalo hujajifunza mpaka mwisho, mjibu "sijui". Neno hilo ni fupi. Mimi lilinishinda kulisema nikiwa na miaka kumi na sita.

Mkuu wa Shule ameniahidi kwamba ubao mdogo utawekwa katika chumba cha fizikia, wenye mdeki mmoja wa zamani uliochorwa alama mbili. Mdeki huo ni wa baba. Ndicho kipande pekee cha gobore lile tulichobaki nacho. Mwalimu atakapowafundisha shinikizo, auonyeshe.