Miaka 27,000 au Siku 24?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya ugomvi. Si ugomvi wa mashamba wala wa mipaka, maana huo tumekwisha kuuzungumza mara nyingi. Ni ugomvi wa vijana wetu, na siku hizi hata wa wazee, wanaokesha na simu mkononi wakibishana na watu wasiowajua kwa sura wala kwa jina. Wanabishana juu ya kompyuta: ni ipi yenye mbio, ni ipi yenye nafasi kubwa, ni kampuni gani imesema uongo. Mmoja huandika, mwingine hujibu, na kabla ya saa sita ya usiku wamekwisha kutukaniana mama zao.

Pengine mzee mmoja anayetusikiliza atauliza, mambo hayo yatuhusu nini? Yatuhusu, baba. Kompyuta za shule zimenunuliwa kwa fedha za harambee. Hesabu za vikundi vya akina mama zimo ndani ya mashine hizo. Mtu akisema uongo juu ya kompyuta, au akisema nusu ya kweli, amekwisha kutia mkono mfukoni mwako. Kwa hiyo sisi hatuwaambii vijana waache kubishana. Twauliza tu, wanabishana namna gani?

Tuwape habari ya ubishi mmoja uliofanyika kweli. Katika mwaka wa 1994, huko Virginia, Marekani, alikuwako mwalimu wa hesabu aliyeitwa Thomas Nicely, naye alifundisha katika Lynchburg College. Alikuwa akichunguza nambari zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, hasa zile zinazokaa mbili mbili kama ndugu pacha, 11 na 13, 17 na 19, na kuendelea mpaka kwenye nambari kubwa mno. Alitumia kompyuta kadha wa kadha, na moja yao ilikuwa na prosesa mpya iitwayo Pentium, iliyotengenezwa na kampuni ya Intel. Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu. Basi mwezi wa Juni mwalimu yule akaona kwamba majumlisho yake hayapatani.

Ungalikuwa wewe, ungalifanya nini? Wengi wetu tungalipiga kelele siku ile ile kwamba kampuni imetuibia. Mwalimu Nicely hakufanya hivyo. Kwanza alijishuku mwenyewe. Akaichunguza programu aliyoiandika, akachunguza na sehemu nyingine za mashine, akaondoa sababu moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilimchukua miezi minne. Ilipofika tarehe 19 Oktoba ndipo alipokuwa na hakika kwamba kosa limo ndani ya prosesa yenyewe. Tarehe 24 akawaarifu wenye kampuni. Tarehe 30, alipokuwa hajapata jibu la kumtosha, akawaandikia watu wachache wa kazi hiyo kwa njia ya kompyuta, akawaomba waipime hesabu yake kwa mashine zao: gawanyeni 1 kwa 824633702441, mtazame mnapata nini.

Angalieni neno hilo, ndugu zetu. Hakuwaambia, niaminini mimi kwa kuwa ni mwalimu wa chuo. Aliwapa nambari.

Barua ile ikaenea upesi katika intaneti, ambayo siku zile ilikuwa bado changa. Hapo wajuzi wengine wakaingia katika mazungumzo. Mhandisi mmoja, Tim Coe, alifikiri namna prosesa ile inavyogawanya, akatafuta mfano mwepesi zaidi ambao mtu yeyote angeweza kuujaribu. Mnaweza kuuandika kwenye karatasi. Gawanya 4195835 kwa 3145727. Jibu utakalopata, lizidishe kwa 3145727 ile ile, kisha uliondoe katika nambari ya kwanza. Mtoto wa shule ajua kwamba lazima ibaki sifuri. Ile Pentium ilisema inabaki 256.

Na kosa lenyewe lilikuwa nini? Tulipokuwa shuleni tulijifunza kugawanya kwa kukisia: hii yaingia mara ngapi katika ile? Prosesa ile nayo ilifanya vivyo hivyo, lakini badala ya kukisia kwa kichwa ilitazama katika jedwali lililochorwa ndani yake. Jedwali lile lilikuwa na nafasi nyingi, na katika nafasi tano, mahali palipopaswa kuandikwa 2, paliachwa sifuri. Nafasi tano tu! Mara nyingi hesabu haikupita hapo, na jibu likawa sawa. Ilipopita hapo, jibu liliharibika.

Basi sasa twaja kwenye sehemu ya ubishi inayotupendeza zaidi. Kampuni ya Intel, ambayo yenyewe ilikuwa imekwisha kuliona kosa hilo mwaka ule ule, ilisema si jambo la kuhangaikia. Mtu wa kawaida anayefanya hesabu za ofisi, wakasema, atakutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. Mwezi wa Desemba kampuni ya IBM, iliyokuwa ikiuza kompyuta zenye prosesa hizo, ikasema sivyo, aweza kukutana nalo mara moja kila siku 24. Tarehe 12 Desemba IBM ikasimamisha kuzipeleka kompyuta hizo madukani.

Miaka 27,000, siku 24! Je, mmoja wao alikuwa mwongo? Watu wengi walidhani hivyo, wakatukanana sana kwa ajili yake. Lakini ukizitazama hesabu zao utaona kila mmoja alikuwa na njia yake. Intel walifikiri mtu wa kawaida hugawanya nambari kama mara elfu moja kwa siku, tena nambari zozote zile. IBM walifikiri mtu huyo huiacha mashine yake ikigawanya muda wa robo saa kila siku, na hivyo hupita mara milioni nne. Tena walisema kwamba nambari za ofisini si nambari zozote zile, na kwa hiyo kosa lina nafasi kubwa zaidi ya kutokea. Ukianza na elfu moja utafika kwenye miaka maelfu. Ukianza na milioni nne utafika kwenye siku chache. Ubishi wote ulikuwa pale mwanzoni, mahali ambapo wengi hawakutazama.

Tena kumbukeni kwamba IBM nao walikuwa wakitengeneza prosesa zao wenyewe za kushindana na za Intel. Hilo halifanyi maneno yao kuwa uongo. Lakini mfanyabiashara anapotoa ushahidi juu ya mfanyabiashara mwenzake, twamsikiliza, halafu twaangalia na kapu lake mwenyewe.

Mwishowe, tarehe 20 Desemba 1994, Intel ikakubali kumbadilishia kila mtu aliyetaka, bila kumwuliza kama kazi yake yahitaji ama haihitaji. Gharama yake ikawa dola milioni 475. Sisi twaona kilichowaudhi watu zaidi si zile nafasi tano. Mbunifu yeyote aweza kusahau. Kilichowaudhi ni kuambiwa kwanza wajieleze kazi yao ni ya maana kiasi gani, ndipo wapewe kitu ambacho walikwisha kukilipia.

Sasa turudi hapa kwetu. Kuna ubishi mwingine mdogo ambao huwagombanisha vijana kila mara. Mtu hununua diski iliyoandikwa gigabaiti 500. Akiichomeka kwenye kompyuta yake, kompyuta yamwambia ni 465. Basi huenda mbio dukani akiwa na hasira, ati ameibiwa 35. Hakuibiwa. Mtengenezaji wa diski amehesabu kwa elfu elfu, kama tunavyohesabu mita na kilo. Kompyuta yake, ikiwa ni ya Windows, imehesabu kwa 1,024, maana mashine hupenda kuhesabu kwa mbili mbili. Ukiichukua diski ile ile ukaichomeka kwenye kompyuta mpya ya Apple, itakuambia 500, kwa kuwa Apple walibadili hesabu yao mwaka 2009. Wakuu wa vipimo vya umeme duniani waliona fujo hii mapema, na mwaka 1998 wakatoa majina mapya ya kutenganisha hesabu hizo mbili, lakini madukani hatujawasikia wengi wakiyataja. Ni kama debe la mnunuzi na debe la mwuzaji.

Lakini ziko nyakati ambapo umeibiwa kweli, na hapo twataka mtusikilize sana.

Twajua kikundi kimoja cha akina mama cha kuweka na kukopa. Katibu wao alikuwa mama mwaminifu, naye aliandika michango yote katika kompyuta ya kijana wake, kisha akaihifadhi katika flashi ambayo kikundi kilinunua kwa bei ndogo barabarani. Flashi ile iliandikwa gigabaiti 512. Kwa kuwa nafasi ilionekana ni kubwa mno, wanachama wakaomba na picha za harusi zao ziwekwe humo, na sinema za sherehe. Ilipofika siku ya kugawana, jina la daftari lilionekana, lakini halikufunguka. Mwingine akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba katibu amelifuta ili afiche fedha.

Fikirini, jina la mtu liliharibika kwa dakika moja.

Kijana mmoja wa jirani ndiye aliyesema, tupime kwanza. Akanakili vile vitu vilivyofunguka, akaisafisha flashi, akaijaza vitu tele mpaka ikajaa, kisha akavisoma vyote tena kimoja kimoja. Vile vya kwanza vilikuwa sawa. Baada ya gigabaiti nane, vyote vilikuwa takataka. Kumbe flashi ile ilikuwa ya nane tu, na mtu fulani mahali fulani aliibadili sehemu inayoiongoza ili iiambie kompyuta kwamba ni ya 512. Flashi za namna hiyo hukubali kila unachoweka, hukuonyesha hata jina lake, lakini kilichozidi nafasi ya kweli hakimo, au kimeandikwa juu ya kingine. Zile sinema za harusi ndizo zilizoijaza nafasi, na daftari likaja nyuma yake.

Bahati nzuri mama yule hakutupa vitabu vya risiti. Aliandika upya hesabu zote kwa muda wa majuma matatu, nazo zikatimia mpaka shilingi ya mwisho. Mwanachama aliyemshtaki aliomba radhi. Lakini mwingine, ambaye hakusema neno siku ile bali alitikisa kichwa tu, hakurudi tena kikundini mpaka leo.

Juu ya mambo ya tovuti hatutakawia, ijapokuwa huko nako vumbi ni jingi. Wengi wenu mwakumbuka ule mtambo wa Flash wa kampuni ya Adobe, uliochezesha picha na michezo katika tovuti. Mwezi wa Aprili 1994 ulikuwa bado haujazaliwa, na mwezi wa Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika barua ya wazi akisema hautakubaliwa katika simu zake, kwa kuwa wamaliza betri na una kasoro za usalama. Watu waligawanyika kama mashabiki wa mpira. Wengine walisema Jobs anataka tu kulinda duka lake, wengine walisema Adobe ni wavivu. Twaona kwamba mtu aweza kulinda duka lake na bado akasema kweli juu ya betri. Adobe wenyewe waliacha kuutunza mtambo huo tarehe 31 Desemba 2020, na walimu waliokuwa wametengeneza masomo yao kwa Flash walijikuta na masomo yasiyofunguka. Hao hawakushiriki katika matusi ya upande wowote, wala hakuna aliyewaonya kwa lugha wanayoielewa.

Basi ninyi mlio katika kamati za shule na za vikundi, mwuzaji akiwaambia mashine yake ina mbio mara mbili, mwulizeni, mara mbili ya ipi, na katika kazi gani? Akiwaambia intaneti yake ni megabiti 10, jueni kwamba biti nane ndizo baiti moja, na kwa hiyo kwa sekunde mtapata megabaiti moja na robo, wala si kumi. Asikasirike kwa kuulizwa. Na kijana wa kamati akisema mwuzaji ni mwongo, naye mwulizeni vivyo hivyo, umepima?

Flashi na kadi za simu ni rahisi kuzipima. Ziko programu za bure za kazi hiyo, kama F3 na H2testw, nazo huijaza flashi yote kisha huisoma tena. Ipimeni ikiwa tupu, kabla hamjaweka kitu. Ikiwa ni kubwa itachukua saa nyingi, kwa hiyo iacheni usiku kucha ikiwa stima ipo, na risiti ya duka msiitupe mpaka asubuhi mwone imesema nini. Kwaherini, mpaka juma lijalo saa kama hii.