Hadithi ya Beti kwa Mtoto Aliyenyamaza
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama siku ya sherehe ya miaka kumi)



Nimepewa dakika tano nizungumze juu ya vijana wetu. Miaka kumi tumejifunza kuweka na kukopa fedha. Lakini nyumbani yupo mtoto mwenye shida asiyejua aanzie wapi kuisema.

Binti wa marehemu dada yangu alifiwa akiwa na miaka 14, nikamchukua. Akanyamaza. Tulimpa nasaha, tukamwombea, tukamwambia "jikaze." Wapi! Siku moja nikamkuta na kitabu cha kuazima maktaba, Out of the Dust cha Karen Hesse wa Marekani, kilichotoka mwaka 1997 na kupata tuzo ya Newbery mwaka 1998. Nilidhani anadurusu masomo. Kumbe analia.

Nikamwomba anisimulie. Ni hadithi nzima kwa mashairi mafupi, yasiyo na vina kama yetu. Billie Jo anaishi Oklahoma, miaka ya 1934 na 1935, wakati wa ukame na tufani za vumbi. Baba ameacha ndoo ya mafuta ya taa karibu na jiko. Mama anadhani ni maji. Moto unalipuka. Mtoto anairusha ndoo nje, kumbe mama anarudi mbio, inampata. Mama anafariki baada ya kujifungua, na kichanga nacho hakiishi. Mikono ya Billie Jo, iliyokuwa ikipiga piano, imeungua. Watu wananong'ona. Baba haongei.

Binti yetu akasema, "Mama mdogo, na huyu anadhani ni kosa lake." Ndipo nilipojua, baada ya miezi minane, alichokibeba. Usiku mama yake alipozidiwa, yeye alikuwa amelala.

Kwa nini beti? Ukurasa una maneno machache, hata aliyechoka moyo huufikisha mwisho. Wala msichana yule hahubiri; anasema yake tu. Anatoroka kwa treni, anarudi, anamsamehe baba na kujisamehe mwenyewe. Kitabu hakikumrudisha mama, lakini mtoto wetu alipata mwenzake. Sisemi kitabu ni dawa ya yote: mtoto anayetaka kujidhuru tumpeleke hospitali upesi.

Na jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimwachia binti yake wosia kwa utenzi. Alijua beti hukaa moyoni.

Ombi langu: faini za kuchelewa mkutanoni za mwaka huu, nami nimezilipa sana, zinunue vitabu, tenzi zetu zikiwemo. Sanduku likae kwa Mama Mweka Hazina. Mtoto aazime bila kuulizwa sababu. Akitaka kusimulia, tukae chini tumsikilize, "jikaze" tuiache mlangoni.