Ardhi Bila Ramani

(Hotuba ya wanachama iliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Leo tumeshangilia miaka kumi, na sanduku letu la kufuli tatu liko hapa mbele, mnaliona. Wengi wamesifu hisa na marejesho. Sisi tumepewa nafasi ya kusema juu ya mipango ya mji, na tutaanza na aibu yetu wenyewe.

Mwaka wetu wa nne tulinunua kipande cha ardhi pembezoni mwa mji, tujenge ukumbi na banda la kuku. Tulimwona muuzaji, majirani wakashuhudia, karatasi ikagongwa mhuri. Mchoro wa mipangomiji hatukuuona, wala hatukuuliza kama upo. Baada ya masika wapimaji walikuja na bikoni zao wakatuambia: mama zetu, hapa ni eneo la wazi, hapajengwi. Muuzaji alirudisha nusu, tena kwa mafungu. Wenzetu sita wakajitoa. Jamani, hatukuwalaumu, ile ilikuwa ada ya shule ya watoto wao.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tulikuwa nalo. Tulichokosa ni ramani.

Tangu hapo tuna kanuni: hakuna mkopo wa kununulia kiwanja mpaka wanachama wawili waende ofisi ya ardhi wakaulize mchoro unasemaje. Je, ni makazi, barabara au eneo la wazi? Na mto uko umbali gani? Maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mji wetu una mito: Themi, Naura, Ngarenaro. Ninyi mnaotoka huku juu Meru msidhani hayawahusu. Mpango Kabambe wa Arusha unaotazama hadi mwaka 2035 ulivuka mipaka ya Jiji, ukagusa na sehemu za halmashauri za Arusha na Meru.

Jambo la pili ni mikutano. Sheria ya Mipangomiji, namba 8 ya 2007, inataka wenye ardhi washirikishwe mpango unapoandaliwa. Lakini tangazo likibandikwa, nani huenda? Wanaume wachache na wenye viwanja vikubwa. Sisi tuko sokoni. Mtaa wetu ulipoitwa kuangalia mchoro, tulifunga meza za mboga tukaenda ishirini na wawili. Tuliona mahali tunapouzia pamechorwa maegesho ya magari. Tukasimama, tukaeleza. Hatukupata yote, ila sehemu ya gulio iliachwa. Tungebaki mezani siku ile, leo tusingekuwa na meza.

Na tusiogope kwamba sisi ni wanawake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Hati ikiandikwa, mama, hakikisha jina lako limo.

Wazee wa Meru hapa wanakumbuka. Mwaka 1951 watu waliondolewa Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Ardhi haikurudi siku ile, lakini dunia ilisikia. Ule nao ulikuwa mchango wa wanyonge, kama huu wetu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Viongozi wetu, mikutano ya mipango iitwe saa ambazo mama ametoka sokoni, na mchoro uelezwe kwa Kiswahili chepesi. Akina mama, tangazo likibandikwa, mwambie na jirani, muende wote.

Wale wenzetu sita, kama mpo hapa leo, rudini. Nafasi zenu zipo.